Dada Yangu Hakuwa Mpole

Huku kwetu kusini mtu akishaingia kaburini anakuwa mpole. Awe alikuwa akitukana kuku wa jirani tangu alfajiri, awe aliwahi kumfukuza mkwewe kwa mwiko, siku ya msiba utasikia marehemu hakuwa na makuu, marehemu hakugombana na mtu, marehemu alikuwa mtu wa watu. Nimekaa misibani Lindi mjini, nimekaa Kilwa Masoko na vijiji vya ndani, na kila mara najiuliza wale wagomvi wote tunaoishi nao huzikwa wapi. Simlaumu mtu. Marehemu hasemwi vibaya, na mimi nimelelewa hivyohivyo. Lakini adabu hiyo nusura itupotezee mtoto nyumbani kwangu, na ndiyo maana naiandika leo kwa hasira kidogo.

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu. Mama yake alikuwa dada yangu mkubwa, tumbo moja, na binti huyo alimpata ukubwani, watu walipokwisha kukata tamaa kwa niaba yake. Alifariki binti akiwa na miaka mitatu, kwa maradhi ambayo hayakumpa muda. Baba wa mtoto alikuwa ameshakwenda Songea kutafuta maisha. Akayapata, na mke akapata hukohuko. Kwetu Wamwera hilo halimfanyi mtoto kuwa yatima. Mtoto wa dada ni wako, na mjomba ndiye mwenye sauti. Nikamchukua nikaja naye Lindi, mke wangu akampokea kama wa kumzaa, na sasa yuko kidato cha pili.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na pembeni ninaandika vitabu vya hadithi. Mwaka uliofuata kifo cha dada niliandika hadithi ya mama mmoja wa kijijini. Sikumtaja jina, lakini kila aliyetufahamu alijua ni nani. Mama yule ana sauti ya chini. Akiudhiwa huinamisha uso. Akidhulumiwa humwachia Mungu. Naelewa kwa nini nilimwandika hivyo: wiki zake za mwisho ugonjwa ulimnyamazisha, na ule unyamavu ndio nilioondoka nao makaburini. Niliandika huku nalia, na mtu anayelia haoni vizuri. Ndugu waliipenda sana hadithi ile, wakasema nimempa dada heshima yake. Nikiisoma sasa naona sikumchora, nilimpaka chokaa.

Binti akakua. Tangu shule ya msingi ilionekana wazi kwamba Mungu amempa moto. Hakuwa mtovu wa adabu. Hakuna mzee mtaani kwetu aliyepita bila shikamoo yake. Ila akiona uonevu, au akidhani ameuona, mdomo wake unatangulia na mikono inafuata. Mwaka huu kuna mwenzake shuleni aliyekuwa akimbeza msichana mgeni kutoka Likawage, anaikejeli lafudhi yake na darasa zima linacheka. Mpwa wangu akanyanyua ndoo ya maji ya kudekia, akammwagia yule mwenye kejeli kichwani.

Niliitwa shuleni. Mwalimu wa malezi, ambaye kwao si mbali na kwetu, alinieleza kisa chote bila kupandisha sauti. Kisha akamgeukia binti, akamwambia kwamba yeye alimfahamu mama yake, alikuwa mtu mpole kupindukia, na angekuwa hai leo angeona aibu. Alikusudia mema. Nilimwona mpwa wangu akitazama sakafu kama mtu aliyesomewa hukumu. Nyumbani mke wangu naye, bila kujua yaliyosemwa shuleni, akasema lilelile: sijui hasira hizi umezitoa wapi, mama yako alikuwa maji ya mtungini.

Kuanzia siku hiyo mtoto akanyamaza. Alifanya kazi zake, akala, akajibu alipoulizwa. Nyumba iliyozoea kelele zake ikawa kama nyumba ya wapangaji wasiojuana. Mke wangu alidhani amejirekebisha na akamshukuru Mungu. Mimi nilitamani avunje hata sahani.

Jumamosi moja, nikiwa barazani nasahihisha, akaja ameshika kile kitabu changu. Kilikuwa kimeisha jalada kwa kusomwa. Akakiweka juu ya madaftari ya wanafunzi wangu.

"Mjomba, usinifiche. Mliniokota wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaona machozi yanamlenga, nikaweka kalamu chini.

"Huyu mama wa humu hajawahi kunyanyua sauti," akasema. "Mwalimu anasema hivyo, shangazi anasema hivyo, na wewe umeandika. Mimi nikiamka tu nimeshaudhika. Si wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka? Sasa mimi ni mtoto wa nani?"

Shangazi ndivyo anavyomwita mke wangu. Nilimwambia haraka kwamba mama yake naye alikuwa na hasira zake, tena kubwa. Akanitazama kwa huruma. Akaniambia ninasema hivyo kwa sababu yeye analia, lakini siku ile naandika hapakuwa na mtoto wa kubembeleza, kwa hiyo ukweli ni ule wa kitabuni. Ukitamka jambo moja na umeandika jingine, watu watashika lililoandikwa, na mtoto aliyekulia nyumba ya mwalimu ndiye wa kwanza kulishika.

Kinachoniuma ni kwamba kila mwaka nafundisha namna mwandishi anavyomjenga mhusika. Nawaambia wanafunzi wasimwamini mwandishi anayemwaga sifa. "Mpole" si mtu, ni kibandiko. Mtu ni anavyofanya akiwa na njaa, anavyomkatiza mwenzake maneno, kile anachokificha mgeni akipiga hodi, na jinsi majirani wanavyobadili mazungumzo akitokea. Nawaambia yupo mhusika bapa na yupo mhusika duara, na huyu wa pili lazima akushangaze bila kukudanganya. Nawachorea na ubaoni. Halafu dada yangu mwenyewe nimemlaza bapa kama mkeka, nikampiga chapa, nikamsambaza. Na mashahidi wote ambao ningeweza kumpelekea binti wangemwambia maneno yaleyale, kwa sababu wote ni ndugu, na ndugu wana adabu.

Alibaki mmoja ambaye si ndugu na hana adabu, naye ni mtani wetu.

Sisi na Wamakonde ni watani, na mtani akifika msibani ana ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo. Watu wanalia, yeye anajifunga kanga ya marehemu kama marehemu alivyojifunga, anatembea mwendo wake, anagomba kwa sauti yake, anadai aletewe chakula alichokipenda. Huwezi kumkasirikia, ukikasirika wewe ndiye uliyekosa. Siku tuliyomzika dada, sisi wanaume tulikuwa mbele ya nyumba, kwenye mikeka. Uani kwa wanawake kilio kilikatika ghafla, kikatoka kicheko cha watu wengi, kisha kilio kikarudi kikubwa kuliko cha mwanzo. Nilijua mtani anamwigiza dada. Sikuona, maana mwanamume haingii uani siku kama ile. Miaka yote hiyo nimeishi na kicheko kile bila kujua walicheka nini.

Shule zilipofungwa nikamchukua mpwa wangu tukaenda Kikole, kijijini kwetu. Njia nzima hakuniuliza tunafuata nini. Tuliposhuka kwenye basi barabara kuu, tukisubiri bodaboda za kutuingiza ndani, nilimweleza mwenyewe. Nikamwambia kule tunakokwenda yupo bibi mmoja aliyewahi kuwa mama yako kwa nusu saa, na wote waliokuwepo wakamtambua. Bodaboda ya kwanza ilipotokea alikuwa ameshapanda kabla sijapatana nauli.

Tulimkuta bibi kibarazani kwake akipepeta. Wazazi wake walitoka Newala kufuata mashamba ya mikorosho, yeye akazaliwa na kuzeekea hapo Kikole, nyumba ya tatu kutoka kwa dada. Aliponiona hakunyanyuka. Akauliza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kama huyu Mmwera bado hajafa, maana sanda yangu ameshaikata kwenye kiroba cha mbolea na panya wanaianza. Nikamjibu kwamba kwa heshima ya umri wake nimemwachia atangulie. Binti akampa shikamoo, akaitika marahaba, na hapo ungo ukasimama. Akamtazama mtoto kwa muda. Kisha akauliza ni wa nani, ingawa nadhani alishajua.

Tukakaa, tukapewa maji, nikaeleza haja yangu. Nilimwomba afanye mbele ya mtoto kile alichokifanya uani siku ya mazishi. Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Hilo halifanyiki," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Siku ya msiba nikimwigiza namsindikiza. Leo nikimwigiza namdhihaki. Mimi yule nilishamzika."

Nikatoa kanga na sukari nilizomletea. Akapokea kanga, akapokea sukari, akakataa ombi. Niliona kosa langu: nilitaka kuuchota utani wa msibani kama maji ya bomba, wakati una siku yake na mahali pake. Mpwa wangu alikuwa amekaa kizingitini ameshika mkanda wa begi, na uso wake ulikuwa umeanza kujifunga tena. Nadhani bibi aliuona uso huo. Akaninyooshea ungo. Akasema yeye mtani amefungwa, lakini mimi ni ndugu, na hakuna mwiko unaomkataza ndugu kukumbuka.

"Wewe si ndiye unayetengeneza watu ukawaweka vitabuni? Simama umtengeneze."

Nina miaka hamsini na ushei, nina kitambi, na siku hiyo nilivaa suruali ya kitambaa na viatu vya kazini. Nikasimama katikati ya uwanja wa watu mchana kweupe. Nikaanza kama mwalimu: mama yako alikuwa mrefu, maji ya kunde, mwenye mwanya. Bibi akanikatiza akauliza kama natafuta mtu aliyepotea nimtangaze redioni. Alikuwa na haki. Sura peke yake haimfanyi mtu atembee. Nikafikiri kama ninavyofikiri mezani kwangu ninapokwama: mhusika hasimami peke yake. Mpe kitu anachokipenda, kisha mlete mtu wa kukigusa.

Nikakumbuka ufuta. Mwaka mmoja, kabla binti hajazaliwa, dada alilima ufuta kwa mikono yake miwili, palizi zote peke yake. Akauvuna, akaufunga vitita, akavisimamisha uwanjani vikauke. Huku kwetu hata mtoto anajua ufuta uliokauka haukutaki: maganda yameshaachama, ukiugusa tu mbegu zinamwagika, na mbegu ya ufuta ikishaingia mchangani umeipoteza. Akaja shemeji yake, mdogo wa mumewe, na baiskeli. Akaiegemeza kwenye vile vitita, akaingia ndani kuomba maji ya kunywa. Nilimwambia binti kwamba mimi nilikuwepo, nimekuja likizo, nimekaa kwenye kigoda pale mlangoni.

Nikamwomba bibi ile kanga yake mpya, nikajifunga kiunoni juu ya suruali, nikatoka mlangoni kama dada alivyotoka. Hakukimbia. Alipokasirika kidogo alikimbia na kupayuka. Alipokasirika sana alitembea taratibu, visigino vikipiga chini kimoja kimoja. Nikaenda hivyo hadi mahali nilipodhani baiskeli ipo. Nikashika kiuno.

"Shemeji," nikasema kwa sauti yake, "hapa umepaona ukuta wa mama yako?"

Bibi akajipiga paja, akasema ndivyo, ndivyo hasa. Hapo kitu fulani kikafunguka mwilini mwangu na sikuwa tena na haja ya kufikiri. Nikainyanyua baiskeli ile isiyokuwepo hadi kifuani, nikaitupa kama dada alivyoitupa, katikati ya kichaka cha upupu. Nikamkalisha shemeji chini, nikampa ungo, nikamwonyesha mchanga. Yule mwanamume, mtu mzima, mwenye watoto wake, alikaa akaokota na kupepeta mpaka jua likazama. Giza lilipoingia dada akampikia wali wa nazi, akamtengea peke yake, akamsimamia kichwani hadi amalize, akimkaripia kwamba hali vizuri ndiyo maana hana akili. Na asubuhi aliingia mwenyewe kwenye upupu kuitoa baiskeli, akajikuna siku nzima, na ole wake aliyemcheka.

Bibi akasema si wali, ulikuwa ugali wa muhogo. Nikasema wali, nilikuwepo. Akasema nazi aliikuna yeye kwa mikono yake, na ilikuwa ya samaki. Tukabishana hapo kwa dhati. Tukabishana pia kuhusu mkono gani dada alikuwa akishikia kiuno akigomba. Mimi nasema wa kushoto, yeye anasema wa kulia, na kila mmoja anasimama kuonyesha. Nilipomtazama mpwa wangu, alikuwa amelitua begi chini. Anacheka kimyakimya, mabega yanatikisika. Nikaelewa kwamba ubishi wetu ndio uliomfanya aamini. Waongo wangekuwa wamepatana njiani. Yule mama wa kitabuni kila mtu alimsema vilevile, na huyu tulikuwa tunagombania hata mboga yake.

Binti akamuuliza bibi, kwa adabu, kwamba kama haruhusiwi kuigiza, je, anaruhusiwa kusimulia walichokicheka uani. Bibi akafikiri, akaona hilo halina mwiko. Akasema dada akiazima sufuria ya mtu alikuwa akiirudisha imesuguliwa hadi unajiona uso, kisha anamgombeza mwenye sufuria kwa kuiacha ikawa nyeusi. Siku ya msiba bibi aliokota sufuria ya watu jikoni, akawapitia waombolezaji mmoja mmoja akiwagombeza kwa masizi. Kila mwanamke aliyekuwepo alikuwa amewahi kugombezwa hivyo. Ndicho walichocheka, na ndicho kilichowaliza upya.

Mpwa wangu alicheka na hili mpaka akajishika tumbo. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu siku ya ndoo. Kisha akawa anachora mchangani kwa kidole cha mguu, na nikajua swali alilokuja nalo bado hajaliuliza.

"Na mimi?" akasema. "Mimi aliwahi kunigombeza?"

Bibi akanitazama, akaurudia ungo wake. Adabu yote niliyolelewa nayo ikanijia mdomoni: hapana, wewe alikupenda mno, hakuwahi. Ningeweza kusema hivyo na bibi asingenipinga. Lakini nilimtazama mtoto anavyosubiri, nikaona hasubiri kubembelezwa.

Nikamweleza. Siku zile za mwisho mama yake alikuwa amelazwa ukumbini kwenye godoro, hawezi hata kushika kikombe. Sauti tulijua imekwisha, alichotaka alikinong'ona. Na yeye, kibinti cha miaka mitatu, alikuwa amegundua kwamba mama hawezi tena kumkimbiza. Alasiri moja mimi nimekaa hapo kando ya godoro, nimeinamisha kichwa, mtoto akapita mlango wa nyuma. Uani kulikuwa na pipa la maji. Akasogeza tofali, akapanda, akainama kuchungulia ndani, miguu imeshaanza kuachia tofali. Mimi sikuona. Mama yake ndiye aliyeona, kupitia mlango uliokuwa wazi. Akajiinua kwa kiwiko, sijui kwa nguvu gani, akaita, na majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Mtoto akashuka, akaja analia. Hakumpiga. Alimlaza ubavuni kwake, akaendelea kumgombeza kwa kunong'ona mpaka mtoto akalala.

"Alisemaje alipoita?"

Nikamwambia. Nilitamka taratibu, kama watu wanavyotamka maneno ya marehemu.

"Hakusema hivyo, Mjomba," akasema. "Umesema majirani walitoka nje."

Nikavuta pumzi. Nikaita kwa sauti yote ya dada yangu, mpaka mama mmoja nyumba ya pili akachungulia uwanjani kwa bibi na mkono wake una unga.

"We kisirani! Shuka hapo! Njoo hapa. Njoo hapa kwangu!"

Mpwa wangu akasimama. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Bee, mama," akaitika, akaja.